Programu ya Seva Ikitolewa Bure: Mwongozo kwa Wanaopanga na Kusaini Ununuzi wa Kompyuta Pepe

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya afisa TEHAMA anayeandaa bajeti, mhasibu anayeipitia na mkuu wa kitengo anayeweka saini. Unashughulikia swali linalojitokeza mara kwa mara mwaka wa fedha unapoanza: kama programu za kuendesha mashine pepe kwenye seva zinapatikana bila malipo, kwa nini ofisi iendelee kutenga fedha za kompyuta pepe za mezani? Swali ni halali na anayeliuliza hastahili kupuuzwa. Jibu lake ni kwamba bei haikufutwa, ilihama. Miaka ishirini iliyopita inaonyesha wazi ilikohamia, na anayeijua historia hiyo hasaini kwa kubahatisha.

Tuanze na maana, kwa kuwa makosa mengi ya bajeti huanzia hapo. Mashine pepe ni kompyuta kamili, yenye mfumo endeshi na programu zake, inayoishi ndani ya kompyuta nyingine. Programu inayoigawia prosesa, memori na diski ndiyo haipavaiza. Mtu akitaja kompyuta pepe ya mezani anaweza kuwa na maana mojawapo kati ya mbili. Ya kwanza ni mtumishi mwenye kompyuta yake anayeendesha mfumo wa pili ndani yake: mwandishi wa programu anayejaribu kazi yake kwenye matoleo kadhaa ya Windows na Linux, au mhasibu mwenye programu ya zamani inayokataa kufunguka kwenye Windows mpya. Ya pili ni ofisi inayohamishia kompyuta za watumishi wote kwenye seva, kila mmoja akaingia kwenye yake kupitia mtandao, popote alipo. Wauzaji huiita hii ya pili VDI. Haya ni masoko mawili, na programu ya bure ya seva iliyagusa kwa namna mbili tofauti kabisa.

Mwaka ambao bei zilianguka

Kampuni ya VMware ilianzishwa mwaka 1998 huko Palo Alto, California, na bidhaa yake ya kwanza, iliyotoka 1999, haikuwa ya seva. Ilikuwa Workstation, programu ya kompyuta ya mezani. Bidhaa za seva zilifuata mwaka 2001. Kwa miaka kadhaa aliyetaka mashine pepe alilipa, ama kwa VMware ama kwa Connectix, waliotengeneza Virtual PC kabla Microsoft haijanunua teknolojia hiyo mwaka 2003.

Mwaka 2006 mambo yaligeuka ndani ya miezi michache. Februari, VMware ilitangaza kwamba GSX Server, iliyokuwa ikiuzwa, ingepewa jina la VMware Server na kutolewa bila malipo. Toleo kamili lilitoka Julai. Aprili, Microsoft iliondoa bei kwenye Virtual Server 2005 R2. Julai ikafanya hivyohivyo kwa Virtual PC 2004, ambayo ilikuwa ya mezani na ilikuwa ikiuzwa dola 129. Tayari kulikuwa na VMware Player ya bure tangu mwishoni mwa 2005, iliyoweza kuendesha mashine pepe iliyokwisha kuundwa lakini isiyoweza kuunda mpya.

VMware Server iliitwa ya seva, lakini ilisakinishwa juu ya Windows au Linux ya kawaida. Yeyote mwenye kompyuta ya mezani yenye nguvu ya kutosha aliweza kuipakua, kuunda mashine pepe na kuitumia palepale. Workstation wakati huo iliuzwa dola 189. Ilionekana dhahiri kwamba bidhaa ya bure ingeila bidhaa ya kulipia ya kampuni ileile.

Haikuwa hivyo, na sababu yake ndiyo kiini cha mwongozo huu. VMware Server iliruhusu kuhifadhi nakala moja tu ya hali ya mashine. Ukihifadhi nyingine, ya kwanza inafutika. Workstation iliruhusu nakala nyingi zenye matawi, hivyo mjaribu programu aliweza kurudi kwenye hali ya jana, ya juzi, au ya dakika moja kabla ya kusakinisha kitu kilicholeta hitilafu. Iliweza pia kuzalisha mashine pacha zinazotegemea diski moja ya msingi, na kuunganisha mashine kadhaa kuwa kundi linalowashwa kwa pamoja. Toleo la 6 la mwaka 2007 liliongeza uwezo wa kutumia skrini zaidi ya moja na USB ya kasi. Kwa anayejaribu programu siku nzima, hayo ndiyo kazi yenyewe, na saa chache alizookoa zilitosha kurudisha dola 189. Kwa anayejifunza Linux jioni, hayakuwa na thamani yoyote, naye akachukua ya bure.

Kwa hiyo ya bure iliondoka na wanunuzi wa chini, ambao wengi wao wasingenunua hata hivyo, na kuwalazimisha wauzaji wa mezani wapande juu. Mapato ya VMware yalikuwa takriban dola milioni 704 mwaka 2006, na mwaka 2007 yakapita bilioni 1.3. Sehemu kubwa ya fedha hizo ilitokana na seva za kulipia na programu za kuzisimamia. Bidhaa ya bure iliwazoesha mafundi jina na namna ya kazi, na fundi aliyezoea alipoajiriwa kwenye taasisi kubwa alipendekeza kile alichokijua.

Mfano wa Parallels unalithibitisha jambo hili kwa upande mwingine. Parallels Desktop ya Mac ilitoka Juni 2006 kwa dola 79.99, mwezi mmoja tu kabla ya Virtual PC kuwa ya bure upande wa Windows. Baadaye VirtualBox, programu nyingine ya mezani ya bure, ilifika hadi kwenye Mac. Parallels bado inauzwa leo. Wanaoinunua hulipia Windows inayoungana na Mac kiasi kwamba dirisha la programu ya Windows hukaa kando ya madirisha ya Mac bila mtumiaji kuiona mashine pepe iliyo katikati. Apple ilipohamia kwenye prosesa zake yenyewe, Parallels ilishughulikia mabadiliko hayo mapema, na Februari 2023 Microsoft iliitambua rasmi kama njia iliyoidhinishwa ya kuendesha Windows 11 kwenye Mac za M1 na M2. Kazi ya namna hiyo mtu huilipia hata kama kuna njia ya bure pembeni.

VMware Server yenyewe haikudumu. Toleo la 2.0 lilitoka 2008, na mwaka 2011 kampuni ikaacha kuihudumia. Ofisi zilizokuwa zimejenga mifumo yao juu yake zililazimika kuhama kwa gharama zao. Hakuna aliyewadanganya, masharti ya bidhaa ya bure hayakuwahi kuahidi kitu.

Bei ilikohamia

Kati ya 2007 na 2009 karibu kila haipavaiza muhimu ilipatikana bila malipo. Januari 2007 kampuni ya Ujerumani, innotek, ilitoa VirtualBox kama programu huria. Februari 2007 KVM iliingizwa kwenye kiini cha Linux. Julai 2008 VMware iliondoa bei kwenye ESXi, Oktoba 2008 Microsoft ikatoa Hyper-V Server, na mwaka 2009 Citrix ikafuata na XenServer.

KVM ina habari ambayo wengi hawaijui, nayo inaeleza soko zima. Iliandikwa katika kampuni ya Qumranet, na biashara ya Qumranet haikuwa seva. Ilikuwa kompyuta pepe za mezani: bidhaa yake ya kuuza iliitwa SolidICE, mfumo wa kuwapa watumishi kompyuta zao kutoka kwenye seva. Haipavaiza ilitolewa huria ili ienee, na pesa zikatafutwa kwenye safu ya juu, yaani usimamizi wa kompyuta za watumishi na njia ya kupeleka picha ya skrini mtandaoni. Red Hat iliinunua Qumranet mwaka 2008 kwa dola milioni 107. Leo KVM inaendesha sehemu kubwa ya huduma za wingu duniani, na SolidICE haikumbukwi tena. Waasisi wa Qumranet hawakutegemea kuuza haipavaiza peke yake.

Kwa ofisi inayofikiria VDI, haipavaiza ya bure ni kiwanja cha kupewa: nyumba bado haijajengwa. Juu yake kuna programu inayompokea mtumishi, kumtambua na kumwelekeza kwenye mashine yake. Kuna hifadhi ya diski inayoweza kustahimili watumishi wote wakiwasha mashine zao saa mbili asubuhi kwa wakati mmoja, na hapo ndipo mipango mingi ya majaribio hushindwa, kwa sababu jaribio lilifanywa na watu watano. Kuna memori: watumishi 30 wakipewa GB 8 kila mmoja ni GB 240, kabla haujaihesabu seva yenyewe. Kuna kazi za michoro, ambazo zikihitaji kadi ya NVIDIA iliyogawanywa kwa watumiaji wengi, zitahitaji pia leseni kwa kila mtumiaji. Na juu ya yote kuna leseni ya Windows.

Leseni hii ndiyo iliyoamua ukuaji wa soko la mezani kuliko kitu kingine chochote, na wanaoandaa bajeti huisahau kwa kuwa haionekani kwenye ukurasa wa kupakua haipavaiza. Windows Vista ilipotoka Januari 2007, masharti yake yalikataza matoleo mawili ya nyumbani, Home Basic na Home Premium, kuendeshwa ndani ya mashine pepe. Mwaka mmoja baadaye Microsoft iliondoa katazo hilo. Kwa upande wa VDI, Microsoft iliweka leseni maalumu, na kuanzia Julai 2010 ikaitwa VDA: dola 100 kwa mwaka kwa kila kifaa kisichokuwa na mkataba wa Microsoft uitwao Software Assurance. Piga hesabu kwa bei ile: vifaa 30 ni dola 3,000 kila mwaka, juu ya haipavaiza isiyolipiwa hata senti.

Masharti ya leo yamebadilika kwa sura, msingi ni uleule. Windows iliyokuja ndani ya kompyuta uliyonunua dukani haikupi haki ya kuingia kwa mbali kwenye Windows ya mezani iliyo kwenye seva. Utahitaji mojawapo ya leseni za Enterprise zenye haki hiyo, au usajili wa VDA. Njia nyingine ni kuwapa watumishi vikao kwenye Windows Server moja badala ya kila mmoja kuwa na mashine yake. Njia hii hutumia memori kidogo na kwa ofisi nyingi za kawaida inatosha, lakini nayo inahitaji leseni ya kila mtumiaji au kila kifaa. Mfumo utakuacha ufanye kazi siku 120 bila leseni hizo, kisha utaanza kukataa watu. Siku 120 zinatosha kabisa kwa mradi kuzinduliwa, kupongezwa na kusahauliwa kabla ya tatizo kuonekana. Kumbuka pia kwamba leseni ya Windows Server Standard inaruhusu mashine pepe mbili tu za Windows Server kwenye seva iliyolipiwa kikamilifu, na kwamba huhesabiwa kwa viini vya prosesa, si chini ya 16 kwa seva.

Ofisi ambayo kazi zake zinakubali Linux inakwepa safu hii yote. Hilo ni jambo kubwa, na ningependa ofisi nyingi zaidi zilipime kwa dhati kabla ya kusema haliwezekani. Proxmox VE, mfumo huria wa kuendesha mashine pepe, juu ya seva, mashine za Linux ndani yake, na Apache Guacamole inayomwezesha mtumishi kuingia kwa kutumia kivinjari tu: huo ni mfumo kamili usio na leseni ya kulipia. Kinachobaki kulipiwa ni vifaa na mtu anayeelewa. Mtu huyo ndiye mgumu kumpata, na mshahara wake uandikwe kwenye bajeti ya mradi waziwazi.

Kinachotolewa bure hurudishwa

Novemba 22, 2023 Broadcom ilikamilisha ununuzi wa VMware. Desemba hiyohiyo iliacha kuuza leseni za kudumu, na wateja wakaelekezwa kwenye malipo ya muda. Februari 2024 iliondoa ESXi ya bure. Ofisi ndogo, vyuo na mafundi waliokuwa wameitegemea kwa zaidi ya miaka 15 walijikuta hawana mahali rasmi pa kuipakua. Kisha Aprili 2025 ikarudi, na toleo la 8.0 Update 3e. Aliyehamia kwingine katikati hakukosea, na aliyebaki hawezi kusema anajua kitakachofuata.

Upande wa mezani, kampuni hiyohiyo ilikwenda kinyume. Mei 2024 Workstation Pro na mwenzake wa Mac, Fusion Pro, zilifanywa bure kwa matumizi binafsi, na Novemba 2024 kwa kila mtu, ofisi za biashara zikiwemo. Programu iliyouzwa dola 189 wakati ndugu yake wa seva alipokuwa bure, sasa ni ya bure wakati wenzake wengi wa seva wanalipiwa kwa mwaka. Na VDI ya VMware, iliyoitwa Horizon, haikubaki kwa Broadcom: kitengo chake kiliuzwa kwa KKR kwa takriban dola bilioni 4 na mwaka 2024 kikawa kampuni ya Omnissa.

Mwelekeo huu unaeleza mengi. Haipavaiza ya kompyuta moja ya mezani imefika mahali ambapo hakuna tena fedha za kutafuta, kwa kuwa VirtualBox ipo bure na Hyper-V imo ndani ya Windows Pro tangu Windows 8 ya mwaka 2012. VDI ina fedha bado, ndiyo maana ikanunuliwa kwa mabilioni. Afisa anayesikia kwamba programu fulani imekuwa bure aelewe kwamba mwenye mali ameona thamani yake iko kwingine, na atafute huko kwingine ni wapi.

Programu huria nazo zina tahadhari yake. Citrix ilipobana toleo la bure la XenServer 7.3 mwishoni mwa 2017, jumuiya ilichukua msimbo uleule na kuanzisha XCP-ng mwaka 2018. Watumiaji wakapata pa kwenda. Huo ndio uzito wa leseni huria: kilichokwisha kutolewa hakiwezi kunyang'anywa. Lakini kampuni inaweza kuacha kukishughulikia. SPICE, njia ya kupeleka skrini iliyotoka Qumranet, iliondolewa na Red Hat kwenye toleo la 9 la Linux yake. Proxmox bado inaitumia. Unapochagua sehemu ya mfumo, angalia ni wangapi wanaoitunza, na kama wote wamo kwenye orodha ya mishahara ya kampuni moja.

Kwa mtumishi mmoja mmoja

Anayehitaji mashine pepe ndani ya kompyuta yake leo hana sababu ya kulipa, isipokuwa wenye Mac wanaohitaji Windows kwa kazi ya kila siku. Kwanza angalieni mnachomiliki tayari: Windows Pro, Enterprise na Education zina Hyper-V, inayowashwa kwenye orodha ya vipengele vya Windows. Toleo la Home halina. Isipotosha, chukueni VirtualBox au Workstation Pro, na pakueni kwenye tovuti ya mwenyewe tu. Kupakua Workstation kutoka Broadcom kunadai kujisajili; usumbufu huo usiwapeleke kwenye tovuti za wapita njia, kwa sababu programu inayoshika kompyuta nzima ndiyo mahali pazuri pa kuficha virusi.

Kuna shimo moja la VirtualBox ambalo kila ofisi ilijue. Programu ya msingi ni huria na inaruhusiwa kazini. Kifurushi chake cha nyongeza, kinachoitwa Extension Pack, kina leseni tofauti: ni bure kwa matumizi binafsi na ya elimu, na ofisi ya biashara inapaswa kukinunua kutoka Oracle. Kinapakuliwa kwenye ukurasa uleule, na mtumishi asiyejua hukisakinisha kwa nia njema. Tangu toleo la 7.0 la mwaka 2022 USB ya kasi imehamishiwa kwenye programu ya msingi, kwa hiyo sababu kuu iliyowafanya watu wakitafute imekwisha. Kiondoeni kwenye kompyuta zote za ofisi wiki hii.

Mhasibu mwenye programu ya zamani ya hesabu apewe mashine pepe yenye Windows ya zamani iliyofungiwa kabisa isifike kwenye intaneti, ikiwasiliana na kompyuta yake pekee. Windows XP na Windows 7 hazipati tena marekebisho ya usalama. Ndani ya mashine pepe iliyofungwa zinaweza kufanya kazi kwa usalama wa kuridhisha. Zikiachiwa mtandao, ni mlango ulio wazi kwenye hesabu za taasisi. Na Windows hiyo ya ndani nayo inahitaji leseni yake.

Kwa ofisi inayofikiria VDI

Ushauri wangu kwa ofisi ya watu wachache walio kwenye jengo moja ni kutoianzisha VDI kwa sababu tu haipavaiza ni ya bure. Nunueni kompyuta nzuri, wekeni mafaili kwenye seva yenye nakala rudufu, na fedha iliyobaki mfundishie watu. VDI hukusanya hatari zote mahali pamoja: umeme wa chumba cha seva ukikatika, au swichi moja ikifa, watumishi wote wamekaa mikono mitupu. Inaleta faida pale ambapo taarifa hazipaswi kutoka kwenye jengo kabisa, pale ambapo watumishi wa zamu hugawana viti, au pale ambapo matawi ya mbali hayana fundi. Kama hakuna hata moja kati ya hayo, hakuna haja.

Mkishaona haja ipo, andikeni gharama za miaka mitano, maana mwaka wa kwanza hudanganya. Dokezo la ununuzi lionyeshe haipavaiza kwa bei yake, hata kama ni sifuri, na chini yake programu ya kupokea watumishi, leseni za Windows kwa aina na idadi, hifadhi, akiba ya umeme, nakala rudufu, na mshahara au mkataba wa fundi. Mstari wenye sifuri uachwe uonekane, ili anayesaini aone kwamba sifuri moja haijaifanya jumla kuwa sifuri. Malipo ya kila mwaka hutajwa kwa dola na bajeti yenu imeandikwa kwa shilingi. Wekeni nafasi ya mabadiliko ya thamani, na muombe mkataba wa zaidi ya mwaka mmoja mkipata.

Toleo la bure mara nyingi hunyimwa kitu kimoja muhimu. Kwenye ESXi ya bure, mashine haiwezi kupewa zaidi ya prosesa pepe 8, haiunganishwi na vCenter (programu ya VMware ya kusimamia seva), na programu za nakala rudufu zinazotegemea violesura vya VMware haziwezi kuifikia. Kizuizi hiki cha mwisho ndicho kizito. Seva yenye kompyuta za watumishi 30 isiyoweza kuchukuliwa nakala rudufu kwa utaratibu isiruhusiwe kuanza kazi, hata kwa wiki moja ya majaribio. Proxmox haina ubaguzi huo: vipengele vyote vipo, na unacholipia ukitaka ni masasisho yaliyopimwa zaidi na msaada wa kiufundi, kwa mwaka na kwa kila soketi ya prosesa. Naona ofisi inayoitegemea ilipie. Kampuni ya Vienna inayoitunza tangu 2008 inaishi kwa malipo hayo, na ofisi inayofaidika ina maslahi ya moja kwa moja katika uhai wake.

Wingu ni njia ya tatu. Amazon WorkSpaces ilitangazwa mwaka 2013, Microsoft ilizindua Windows Virtual Desktop mwaka 2019, kisha Windows 365 Agosti 2021. Hapo haipavaiza haionekani kabisa na leseni nyingi zimo ndani ya bei ya mwezi. Kabla ya kuchagua, pimeni muda ambao picha ya skrini inachukua kufika. Microsoft ilifungua vituo Afrika Kusini mwaka 2019 na Amazon ikafungua Cape Town mwaka 2020. Mtumishi aliye Mwanza au Mombasa aunganishwe huko, si Ulaya, na jaribio lifanyike kwa intaneti ya kawaida ya ofisi, saa za kazi. Mshirikisheni pia mwanasheria. Sheria ya Kenya ya ulinzi wa data ya 2019 na ile ya Tanzania ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2022 zote zina masharti kuhusu kupeleka taarifa za watu nje ya nchi.

Faili la kutunza

Kila programu ya bure inayotumika kazini iwe na faili lake. Ndani yake kuwe na nakala ya masharti ya leseni kama yalivyosomeka siku ya kusakinisha, pamoja na tarehe. Faili la kusakinishia toleo hilo. Jina la mtumishi anayewajibika. Na njia ya kutoka iliyokwisha kujaribiwa. Kujaribiwa maana yake ni kwamba fundi amechukua mashine pepe moja halisi, akaihamishia kwenye haipavaiza nyingine, akaiwasha, na mtumishi wake akafanya kazi humo nusu siku. Proxmox iliongeza mwaka 2024 njia ya kuingiza mashine kutoka ESXi moja kwa moja, hivyo zoezi hili halihitaji mtaalamu wa kukodi. Lirudiwe kila mwaka, kabla ya bajeti kuandaliwa, ili muuzaji akipandisha bei ofisi iwe na jibu mkononi.

Kwenye kalenda ya faili hilo, ofisi zinazotumia Hyper-V Server 2019 ziandike Januari 9, 2029. Hilo ndilo toleo la mwisho la bure ambalo Microsoft ilitoa. Hakukuwa na la 2022, na baada ya tarehe hiyo marekebisho ya usalama yatakoma. Hyper-V inaendelea ndani ya Windows Server ya kulipia. Mwenye seva ya namna hiyo aingize gharama ya leseni, au muda wa fundi wa kuhamia kwenye mfumo huria, katika bajeti ya mwaka wa fedha 2027/28, na jaribio la kuhama lifanyike mwaka mmoja kabla ya hapo.